Kisanduku Kilichokataa Kukaa Ndani

Mwaka wa 1957, mhandisi Mmarekani kwa jina Max Mathews alikuwa na shida ambayo leo ingekuchekesha. Alikuwa ameandika programu ya kuifanya kompyuta icheze muziki, lakini kompyuta yenyewe haikuwa na sauti. Ilikuwa IBM 704, dude la kujaza chumba, na ilikaa New York, Madison Avenue, kwenye makao ya IBM. Mathews alifanya kazi Bell Labs, kule Murray Hill, New Jersey. Basi mambo yalienda hivi: kompyuta inapiga hesabu, inatema nambari kwenye mkanda wa sumaku, mkanda unabebwa hadi New Jersey, na huko kuna mashine nyingine tofauti kabisa, yenye kazi moja tu ya kuzisoma zile nambari na kuzigeuza kuwa umeme wa kusukuma spika. Muziki wa kwanza uliotoka hivyo ulikuwa wa sekunde 17, mtunzi akiwa Newman Guttman. Uko mtandaoni, nimeusikiliza. Si wa kuchezwa harusini.

Ile mashine ya New Jersey ndiyo babu ya kisanduku kidogo kilichoko mezani pangu sai, kikubwa kidogo kuliko kiberiti. Kizungu wanakiita DAC, na wasee wa sauti hutamka tu "dak". Mimi nitakiita kigeuzi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake: kugeuza dijitali kuwa analogi, nambari kuwa wimbi. Kila simu inayocheza muziki inacho ndani. Kila decoder ya TV inacho. Hata spika ile ya bluetooth unayobeba kwenda Karura inacho. Swali ambalo limekuwa likiulizwa tangu enzi za Mathews si kama unakihitaji. Utasikia nini bila hicho? Swali ni kikae wapi. Ndani ya mashine pamoja na wengine, au nje, kwenye nyumba yake mwenyewe?

Ukienda Luthuli Avenue, au ukisoma watu wanaobishana kuhusu sauti, utapata kambi mbili. Kuna wanaokuambia kigeuzi cha pembeni kitakufanya usikie nyimbo zako kama hujawahi kuzisikia. Na kuna wanaosema ni utapeli mtupu, nambari ni nambari. Kambi zote mbili huongea kana kwamba hii kitu ilianza jana. Mimi naona historia yake ndiyo jibu. Kigeuzi kimemezwa na mashine nyingine na kutolewa nje mara kadhaa, na kila mara kilipotolewa kulikuwa na sababu. Ukijua sababu, unajua pesa yako inanunua nini.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Sauti ni hewa inayotikisika. Maikrofoni huugeuza ule mtikisiko kuwa umeme unaopanda na kushuka. Mpaka hapo ni analogi. Ili kuufanya nambari, unaupima. Fikiria mtu amekaa ukingoni Kilindini na fimbo yenye alama, anapima maji yanavyojaa na kupwa. Si lazima akeshe akiyatazama. Akipima kila saa na kuandika, mtu mwingine aliye Nakuru anaweza kuchukua karatasi ile na kuuchora mstari mzima wa maji, kupanda na kushuka, bila kubahatisha. Sharti ni moja: apime zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wa jambo analotaka kulinasa. Maji yanayojaa na kupwa kwa nusu siku yananaswa vizuri kwa kipimo cha kila saa. Wimbi la sekunde kumi halitanaswa.

CD hupima mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani fimbo yenye alama 65,536. Sikio la binadamu, likiwa bado changa na halijaharibiwa na matatu, linaishia kama mitikisiko 20,000 kwa sekunde. Kwa hivyo 44,100 inatosha. Na hapa kuna uongo mmoja unaotembea sana ambao ningependa uzikwe: ule mchoro wa ngazi. Umeuona. Mstari laini wa analogi, halafu ngazi-ngazi za dijitali, na chini yake mtu anakuuzia kitu. Kigeuzi hakikupi ngazi. Baada ya nambari kuwa umeme kuna kichujio kinacholainisha, na kinachotoka ni wimbi, mstari laini. Claude Shannon alilithibitisha hili kwa hesabu mwaka wa 1949. Ni karibu somo pekee nililotoka nalo chuoni katika mwaka wa pili, kabla karo haijanishinda, na bado naona lilistahili nauli ya kila siku.

Wazo la kugeuza sauti kuwa nambari halikutoka kwa watu wa muziki. Lilitoka kwa simu. Mwaka wa 1937, Mwingereza Alec Reeves alikuwa akifanya kazi Paris katika maabara ya kampuni ya ITT. Simu za masafa marefu zilimsumbua. Sauti ikisafiri kwenye waya hupungua nguvu, kwa hivyo kila baada ya umbali fulani unaweka mashine ya kuikuza. Sasa shida: mashine haijui kutofautisha sauti ya mtu na makelele ya njiani. Inakuza vyote. Kituo kinachofuata kinakuza makelele ya kituo kilichopita pamoja na yake. Ukifika mwisho, shangazi yako anasikika kama anakaanga samaki. Reeves aliona kwamba ukituma "kuna" na "hakuna" peke yake, kila kituo kinaweza kuuliza swali jepesi, je, hapa kuna mpigo au hakuna, kisha kutuma mpigo mpya, safi, kama ulivyoanza. Makelele yanabaki nyuma. Aliomba hataza yake Ufaransa mwaka wa 1938. Haikumletea utajiri. Valvu za wakati huo zilikuwa ghali na kubwa mno kwa kazi hiyo.

Shikilia hapo, maana habari yote ya kigeuzi iko ndani ya wazo la Reeves. Nambari hazishiki uchafu. Analogi inashika. Kwa hivyo uchafu wote unaoweza kuingia kwenye muziki wako unaingia mahali pawili: kabla haujawa nambari, na baada ya kuacha kuwa nambari.

Wa kwanza kuitumia kwa dhati walikuwa wanajeshi. Kuanzia 1943 Wamarekani walikuwa na mfumo wa siri ulioitwa SIGSALY, wa kuongea na London bila Wajerumani kusikia. Kituo kimoja kilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 50. Cha London kiliwekwa chini ya duka la Selfridges, watu wakinunua makoti juu yake, na kingine kiliwekwa Algiers. Sauti ilikatwa, ikapimwa mara 50 kwa sekunde kwa fimbo yenye alama sita tu, ikachanganywa na kelele iliyorekodiwa kwenye sahani za santuri. Kila upande ulikuwa na nakala yake ya ile sahani, ukiondoa kelele unabaki na maneno. Waliosikia wanasema sauti ilitoka kama roboti. Lakini ilieleweka, na haikuvunjwa. Baadaye, mwaka wa 1962, Bell wakaleta mfumo wa T1 wa kupitisha mazungumzo 24 ya simu kwa nambari kwenye waya, na tangu hapo kigeuzi kikawa kitu cha kawaida, kimefichwa kwenye majengo ya simu ambako hakuna mtu anayekitazama.

Muziki ulifika kupitia Japan. Shirika la utangazaji la NHK lilikuwa na mashine ya kurekodi kidijitali mwishoni mwa miaka ya 60, na aliyeiongoza kazi hiyo, Heitaro Nakajima, akahamia Sony. Sony walikuwa na akili ya biashara: kwa nini utengeneze mkanda mpya wakati dunia tayari ina mikanda ya video? Wakaunda kisanduku cha kugeuza sauti kuwa picha, vidoti vyeusi na vyeupe, na kukirekodi kwenye video. Mwaka wa 1977 wakauza cha nyumbani, PCM-1, cha kuunganishwa na Betamax. Tazama: kigeuzi kiko nje tena, kisanduku cha pembeni. Ile namba ya ajabu, 44,100, ilitoka hapo. Mistari 245 ya picha mara 60 kwa sekunde mara vipimo 3 kwa kila mstari. Kwa video ya Ulaya, 294 mara 50 mara 3. Piga kwa simu yako, zote zinatoa 44,100. Kila wimbo uliowahi kuchomwa kwenye CD pale River Road unabeba alama ya televisheni ya zamani.

Kisha CD yenyewe. Philips na Sony waliiunda pamoja, na waligombana kuhusu biti. Philips tayari walikuwa na chipu nzuri ya biti 14 na walitaka kuishia hapo. Sony wakashikilia 16. Sony wakashinda. Philips wakabaki na chipu ya 14 na sheria ya 16, na walichofanya ndicho kinachonifanya nipende wahandisi. Badala ya kuiendesha chipu mara 44,100 kwa sekunde, waliiendesha mara nne zaidi, 176,400, na wakayasukuma makosa ya kukadiria juu, kwenye mitikisiko ambayo sikio halifiki. Biti 14 zikafanya kazi ya 16. Sony nao, kwenye CDP-101 iliyoingia dukani Japan Oktoba 1, 1982 kwa yen 168,000, walitumia kigeuzi kimoja kwa masikio mawili. Kinacheza kushoto, kinaruka kulia, kinarudi kushoto. Sikio moja lilichelewa kwa takriban sehemu 11 za milioni ya sekunde. Nilipiga hesabu: ni sawa na kuisogeza spika moja nyuma kama milimita 4. Ukipumua vibaya kwenye kiti umesogea zaidi ya hapo. Lakini kwa mtu aliyetoa yen 168,000 hiyo ilitosha kuwa malalamiko.

Sasa kigeuzi kilikuwa kimemezwa. Kiliishi ndani ya mashine ya CD pamoja na mota inayozungusha sahani, miale ya leza inayosomwa na kurekebishwa kila wakati, na taa za saa zinazomulika mbele. Wote wakila umeme kutoka sufuria moja. Na hapa rudi kwa Reeves. Sekta ya mwisho, ile baada ya nambari kuwa wimbi, ni dhaifu. Kwenye mashine ya nyumbani inayotoa volti 2, hatua moja ndogo kabisa ya CD ni chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya volti. Mota ikishtuka, umeme wa pamoja ukiyumba kidogo tu, hatua hiyo imefunikwa.

Ndipo katikati ya miaka ya 80 Sony hao hao wakauza kigeuzi katika kisanduku chake, DAS-702ES, na mashine ya kuzungusha sahani katika kisanduku kingine. Zilikuwa za wenye nazo. Mwishoni mwa muongo Arcam wa Uingereza wakatoa Delta Black Box ambayo mtu wa kawaida wa huko angeweza kuifikiria. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni hiyo ya umeme: mpe kigeuzi sufuria yake. Ya pili haisemwi sana lakini naona ilikuwa na maana zaidi mfukoni: mota na leza zilikuwa zimeshatulia, lakini chipu za kigeuzi zilikuwa zikibadilika kila mwaka. Ukitenganisha, unabadilisha kidogo kilichozeeka na kuacha kikubwa kinachofanya kazi. Ni kama kubadilisha betri badala ya kununua simu.

Halafu ikatokea jambo la kuchekesha. Kukitoa nje kuliponya ugonjwa mmoja na kuleta mwingine. Ndani ya mashine moja, kuna saa moja inayosema "sasa, sasa, sasa" mara 44,100 kwa sekunde. Ukigawa visanduku viwili, saa inabaki kwa mzungusha sahani, na kigeuzi kinalazimika kuikisia kutokana na mipigo inayokuja kwenye waya. Kipimo sahihi kinachochezwa wakati usio sahihi ni kipimo kibaya. Wahandisi huita mtikisiko huo jita. Mwaka wa 1992 Chris Dunn na Malcolm Hawksford wa Chuo Kikuu cha Essex waliandika karatasi iliyouliza wazi kama ule muunganisho wenyewe ulikuwa na kasoro. Kwa muda fulani, basi, mtu angeweza kulipa zaidi apate visanduku viwili vyenye sauti mbaya kuliko kimoja. Dawa ilikuja polepole: kuhifadhi nambari kidogo na kuzitoa upya kwa saa ya kigeuzi chenyewe. Kwenye kompyuta, baadaye, USB ilipangwa kwa namna ambayo kigeuzi ndicho mwenye saa. Kinaiambia kompyuta lete, ngoja, lete. Vigeuzi vingi vya sasa hufanya kazi hivyo na jita si jambo la kukunyima usingizi tena, ingawa bado kuna watu wanakuuzia waya za USB kwa bei ya sofa kwa jina lake.

Kompyuta ndiyo iliyokitoa kigeuzi nje kwa mara ya mwisho, na hapa ndipo habari hii inanihusu.

Mimi hula kwa kunakili sauti. Mteja ananitumia mahojiano ya saa moja, naandika kila neno. Malipo ni kwa dakika ya sauti, si kwa dakika niliyofanya kazi, kwa hivyo kila mara ninaporudisha nyuma kusikia neno moja najilipia mwenyewe. Neno nisilolisikia naliwekea alama, na alama zikizidi kiwango faili inarudi bila senti. Laptopu yangu ni ya mtumba. Ukichomeka hedfoni unasikia "sssss" kabla hujabonyeza chochote. Ukisogeza mausi unasikia kitu kama panzi. Ukifungua ukurasa mzito panzi wanakuwa mbogi. Mtu akinong'ona kwenye rekodi, au akimeza mwisho wa neno kama tunavyofanya sisi wote, panzi wanammeza yeye.

Hao panzi si ugonjwa wa laptopu yangu peke yake. Ndani ya laptopu, prosesa inawaka na kuzimika mamilioni ya mara, na saketi za kushusha volti zinakatakata umeme mfululizo, zote zikiwa sentimita chache kutoka pale ambapo nambari zinakuwa wimbi. Mtengenezaji mwangalifu anaweza kuzuia mengi ya hayo. Mtengenezaji anayebana shilingi hafanyi. Unachosikia ukisogeza mausi ni kompyuta ikifikiri.

Nilinunua kigeuzi cha USB, cha bei ya chini kuliko jozi ya viatu vya Toi. Kinachomekwa, hedfoni zinaingia kwake. Panzi wakanyamaza. Hiyo ndiyo faida niliyoipata na sitaki kuipamba: ukimya. Mahojiano yaliyorekodiwa kwenye hoteli yenye blenda bado yana blenda. Sauti iliyobanwa hadi ikakauka haikurudi kuwa nono, kwa sababu kigeuzi hakiwezi kusoma nambari ambazo hazipo. Lakini chini ya maneno kulikuwa na giza safi, na ndani ya giza hilo mtu akinong'ona nasikia alichonong'ona. Faili zangu huisha mapema siku hizi. Nikipiga hesabu ya dakika, kile kidude kilijilipa ndani ya wiki mbili.

Kuna faida nyingine mbili zilizo za kweli, na zote hazina uhusiano na nambari. Moja ni nguvu. Hedfoni kubwa zinahitaji msukumo ambao tundu la simu au laptopu halina, na vigeuzi vingi vya pembeni huja na amplifaya ndogo ndani yake. Watu wengi wanaosema "kigeuzi changu kimebadilisha kila kitu" wamesikia amplifaya. Nyingine ni kwamba tundu baya hubadilisha sauti ya hedfoni zenyewe, besi inavimba au inapungua kulingana na zile ulizovaa, na tundu zuri halifanyi hivyo.

Kuna pia tatizo ambalo kigeuzi hakitibu na watu hulipia bure. Kama unasikia "mmmm" nzito ya umeme, hasa laptopu ikiwa kwenye chaja na umeiunganisha na spika zenye waya wake ukutani, chomoa chaja. Mvumo ukikoma, shida ni umeme unaozunguka kati ya vifaa viwili. Waya ya mwanga, ile ya TOSLINK ambayo Toshiba walianza nayo mwaka wa 1983, inaweza kuutibu, maana mwanga haupitishi umeme. Kisanduku cha bei kali kilichounganishwa kwa USB kinaweza kuvuma vilevile.

Wakenya wengi waliguswa na kigeuzi cha pembeni bila kuambiwa jina lake. Mwaka wa 2015 matangazo ya TV ya analogi yalipozimwa, kila nyumba yenye Great Wall ya mgongo mnene ilitafuta decoder. Zile waya tatu za nyuma, ya manjano ikibeba picha, nyekundu na nyeupe zikibeba sauti, zilikuwa zikitoka kwenye vigeuzi. Televisheni ilikuwa nzima. Iliyobadilika ni lugha ya angani, na mkalimani akawekwa juu ya meza.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya simu. Septemba 2016 Apple wakatangaza iPhone 7 isiyo na tundu la hedfoni, na wakasema kilichohitajika ni ujasiri. Kebo fupi ya kuunganisha hedfoni za kawaida, waliyoiuza dola 9, ilikuwa na kigeuzi ndani yake, chipu ndogo iliyofichwa kwenye kichwa cha waya. Kampuni nyingine zikafuata. Kwa hivyo kizazi chetu, ambacho kingi chake hakijawahi kushika CD, kinatembea na vigeuzi vya pembeni mfukoni na kuviita "kawaya ka simu". Na hapo kuna mtego: waya za USB-C zinazofanana kabisa ni za aina mbili. Nyingine zina chipu. Nyingine ni waya tupu, zinategemea simu itoe analogi yenyewe, na simu nyingi hazitoi. Ukinunua barabarani, jaribu na simu yako mwenyewe kabla ya kulipa, si na simu ya muuzaji.

Sasa, mbona kuna vigeuzi vya bei ya gari? Mwaka wa 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio kwenye jarida la wahandisi wa sauti. Walichukua rekodi za kiwango cha juu kuliko CD, wakazipitisha kwenye mashine inayozishusha hadi kiwango cha CD na kuzirudisha, kisha wakawauliza wasikilizaji, bila kuwaambia, ni ipi ni ipi. Majaribio 554. Majibu sahihi 276. Ungerusha sarafu ungepata hivyo. Mwaka wa 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary, London, alikusanya majaribio 18 ya aina hiyo na kupata asilimia 52.3 sahihi, na waliofunzwa wakifanya vizuri zaidi. Kwa hivyo labda kuna kitu, kwa masikio fulani, siku fulani. Hicho kitu ni chembamba sana, na si cha kuuzia shamba.

Rafiki yangu mmoja ana kigeuzi kilichomgharimu kodi ya miezi mitano. Tulikilinganisha na changu. La kwanza tulilofanya ni kusawazisha sauti kwa kipimo, kwa sababu kisanduku kinachopiga juu kidogo hushinda siku zote na mtu huapa amesikia "undani". Akafunga macho, nikawa nabadilisha. Mara 20. Alipata 11. Akafungua macho, akakitazama kisanduku chake kwa muda, kizito, cha alumini, na taa moja ndogo ya samawati, akasema bado kinasikika vizuri zaidi akikitazama. Sikumbishia. Mtu akisema anapenda kitu chake, hilo ni jambo lingine, na sioni aibu yoyote ndani yake mradi hamuuzii mwenzake kama sayansi.

Ushauri wangu ukitaka kuniuliza: kama unasikia panzi, au hedfoni zako hazipati nguvu, au simu yako haina tundu, nunua kigeuzi cha bei rahisi na ukitie kazini. Kama tundu lako liko kimya na sauti inatosha, hizo doo zipeleke kwa hedfoni zenyewe. Tofauti kati ya hedfoni mbili hata nyanya yako ataisikia akiwa chumba kingine.

Wakati huohuo, ile chipu ya Philips ya biti 16 iliyofuata ile ya biti 14, TDA1541 ya mwaka 1985, haitengenezwi tena, na kuna watu Ulaya na Asia wanaozing'oa kwenye mashine za CD zilizokufa na kuzijengea visanduku vipya. Zinazotafutwa sana ni zile ambazo Philips walizichagua kwa ubora na kuzipiga chapa ya taji dogo juu. Bei yake imepanda mpaka kukawa na kazi nyingine pembeni: kuchukua chipu ya kawaida, kuifuta maandishi, na kuichapa taji.